Fyuzi Miguuni pa Mkwe

Redio ya Bi Sikuzani ilikuwa inalia breki ikikanyagwa tu. Breki ikiachiwa, kimya. Na sasa ilikuwa inatoa moshi.

Hapo ndipo tulipomwacha fundi Mujibu wiki iliyopita: kiti cha nyuma cha gari la mama mkwe wake, chini ya mlima wa kupandia Newala, harufu ya plastiki inayoungua imemjaa puani, saa nane kasoro robo mchana. Mliomcheka wiki iliyopita msichoke. Yale yalikuwa mazoezi.

Aliyekosa gazeti ajue haya tu. Mke wa Mujibu, Swaumu, alirudi kwao Newala miezi miwili iliyopita. Alikuta kwenye simu ya mumewe namba ya mwanamke, imepigwa saa tano usiku, mara kumi na nne ndani ya mwezi mmoja. Akauliza ni nani. Mujibu akajibu, "Mteja." Mteja gani wa saa tano usiku? Mujibu akaomba chai. Swaumu akafunga mzigo, akambeba mtoto wao Pendo, akaenda kwa mama yake.

Leo saa kumi wazee wa pande zote mbili wanakaa Newala kusema neno la mwisho. Na Bi Sikuzani, aliyeshuka Masasi kuchukua gari alilonunua kwa korosho za misimu mitatu, alikuwa ametoa neno lake mapema.

"Baba Pendo anifungie redio," alisema. "Ikilia vizuri mpaka nyumbani, nitakuwa upande wake. Isipolia, asinione."

Sasa ilikuwa hailii. Ilikuwa inaungua.

"Mjomba," alisema Mujibu, macho chini kama desturi inavyotaka, "mwambie mama ashuke. Gari linashika moto."

Bi Sikuzani alikuwa kiti cha mbele, umbali wa mkono mmoja. Alisikia kila neno. Lakini kwao mkwe wa kiume hazungumzi na mama mkwe uso kwa uso, na mama mkwe hasikii mpaka aambiwe na mtu wa katikati. Mtu wa katikati alikuwa Mjomba Hamudi, kaka wa Bi Sikuzani, ambaye ndiye aliyeshika usukani.

"Dada, fundi anasema ushuke."

"Mwambie fundi gari ni langu. Likiungua naungua nalo. Muulize kafanya nini humo ndani."

"Mujibu, anauliza umefanya nini humo ndani."

"Nimemsikia, Mjomba!"

"Kama umemsikia, mbona unanichosha?"

Mujibu hakungoja. Aliruka nje, akafungua boneti, akachomoa spana namba kumi mfukoni, akalegeza waya mweusi wa betri na kuung'oa. Moshi ukapungua. Ukawa uzi. Ukaisha.

Alisimama pale akihema. Angalau hilo alilijua.

Bi Sikuzani alishuka taratibu, mkono mmoja kwenye goti linalouma, mwingine kwenye mlango. Alilizunguka gari lake mara moja. Alikuwa analimiliki kwa saa tano.

"Hamudi," alisema, "mwambie mkwe wangu kwamba wazee wanakaa saa kumi. Na mimi sitaingia kwenye uwanja wa nyumba yangu nikiwa nimepakiwa kwenye lori la mihogo."

"Amesikia, dada."

"Mwambie!"

Mjomba Hamudi akamwambia.

Mujibu aliinama chini ya usukani kwa mara ya kwanza bila presha, akaona alichokiona, akatamani asingekiona. Waya wake ulikuwa umeyeyuka na kugandana kama ubuyu. Hakuwa na waya mwingine. Hakuwa na fyuzi. Na alikuwa na tatizo kubwa zaidi, ambalo hakumwambia mtu: hakujua kosa liko wapi.

Kwa kawaida, asipojua kosa liko wapi, Mujibu hungoja saa tano usiku na kupiga simu.

Basi. Sasa mmejua.

Mwanamke wa saa tano usiku anaitwa Loveness. Aliwahi kuwa mwanafunzi wa Mujibu kwenye karakana yake ya Lisekese, Masasi, miaka miwili, akimwoshea vichwa vya betri. Kisha akaenda chuo cha ufundi, akarudi anajua magari ya siku hizi, akafungua karakana Newala. Mujibu yeye alibaki na kibao chake: MUJIBU FUNDI MKUU WA UMEME WA MAGARI. Gari la zamani halimshindi. Gari jipya likimshinda, anafunga mlango wa choo cha uani, anampigia yule mwanafunzi wake, ananong'ona, "Loveness, hii rangi ya kijivu ni ya nini?"

Angemwambia mke wake? Thubutu. Mwanamume wa Masasi akiitwa kiruka njia, kesho wateja watakuja na kumtania. Akiitwa hajui kazi, kesho anafunga duka. Mujibu alipiga hesabu hiyo, akaona heri aonekane mzinzi.

"Usihangaike," alisema Mjomba Hamudi, simu tayari sikioni. "Nimeshamwita fundi wangu wa Newala. Anatengeneza gari la padri na gari la shehe, na hakuna aliyewahi kulalamika."

"Anaitwa nani?" aliuliza Mujibu.

Lakini Mjomba alikuwa amekwenda nyuma ya gari, kujisaidia, alisema.

Nusu saa baadaye, Bi Sikuzani akiwa amesharudi kwenye kiti chake, pikipiki iliteremka mlima kwa kasi, sanduku la vyuma limefungwa nyuma kwa mpira. Dereva akasimama, akavua kofia ngumu, nywele zikatoka.

Mujibu aliomba ardhi ipasuke. Ardhi ya Newala ni ngumu. Haikupasuka.

"Shikamoo mama," alisema Loveness, akipiga goti.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanamke?"

"Tangu kuzaliwa, mama."

Bi Sikuzani alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Loveness akageuka, akamwona Mujibu, akafungua mdomo. Mujibu akamkonyeza haraka: usinijue!

"Hamudi," alisema Bi Sikuzani, "muulize mkwe wangu jicho lake lina nini."

"Vumbi," alijibu Mujibu.

"Vumbi, dada."

"Limeingia msichana alipofika?"

Hilo halikuhitaji mtu wa katikati. Mujibu akajifanya kupangusa jicho lile, na lile la pili kwa usalama.

Loveness aliingiza kichwa chini ya usukani. Akatoka na kipande cha waya ulioungua, akakishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mkia wa panya.

"Nani amefunga hii?"

Mujibu akainama kukagua tairi.

"Nauliza nani amefunga, maana huu ni waya wa spika. Waya wa spika haubebi umeme wa amplifaya, kile kikuza sauti. Na umechukuliwa kwenye swichi ya breki. Ndiyo maana redio inalia mkikanyaga breki. Mlikuwa mnasikilizaje?"

"Vipande vipande," alisema Mjomba Hamudi. "Taarifa ya habari tuliisikia kwenye kona. Kwenye tambarare hatukujua kitu."

"Nilipima!" Mujibu alishindwa kujizuia. "Nilipima kwa testa, waya ukawa na moto. Taa iliwaka hii hapa!"

"Ulipima nani akiwa kwenye usukani?"

"Mjomba."

"Mjomba, mguu wako ulikuwa wapi?"

"Kwenye breki. Gari lilikuwa kwenye mteremko, breki ya mkono haishiki. Ulitaka niweke wapi mguu, dirishani?"

Loveness alimtazama Mujibu. Mujibu alitazama viatu vyake. Waya ule una moto breki ikikanyagwa tu, na wakati anapima, breki ilikuwa imekanyagwa muda wote. Mtoto wa mwezi mmoja kazini angemwambia Mjomba atoe mguu.

"Lakini kwa nini hukwenda kwenye boksi la fyuzi?" aliuliza Loveness. "Moto wa uhakika upo pale. Kila fundi anajua."

"Boksi liko wapi kwenye gari hili?" aliuliza Mujibu kwa sauti ndogo.

"Upande wa abiria. Chini ya dashibodi, mbele ya mago..."

Akamtazama Bi Sikuzani, akatazama kiti cha mbele, akatazama tena Mujibu. Akaelewa.

Na wewe msomaji uelewe. Tangu alipokabidhiwa gari asubuhi Masasi, Bi Sikuzani alikaa kiti cha mbele na hakushuka mpaka redio ikamalizwa kufungwa. Magoti yanamuuma, akikaa amekaa. Boksi la fyuzi lilikuwa mbele ya magoti hayo. Ili kulifikia, fundi ajikunje, aingize kichwa chini, shavu lake lipumzike kwenye khanga ya mama mkwe. Mkwe gani atafanya hivyo, kisha kesho aonekane mbele za watu? Na mkwe gani atamwambia mama mkwe, "Inuka"? Mujibu hata kulitafuta upande huo hakuthubutu; aliona ni afadhali achukue moto mahali popote kwenye upande wa dereva. Akachukua kwenye breki.

"Heshima," alisema Bi Sikuzani polepole. "Hamudi, mwambie nimeiona heshima yake. Imekaribia kuniunguza."

Lakini Loveness hakuwa mkwe wa mtu pale. Alimwomba mama akae vizuri tu asihangaike, akapiga magoti kwenye vumbi, akaingiza kichwa na taa mbele ya magoti ya Bi Sikuzani na kufungua boksi la fyuzi.

"Mama yangu!" sauti ilitoka chini ya dashibodi.

"Nini?"

"Fyuzi ya breki haipo. Kuna karatasi ya sigara, ile ya kung'aa, imekunjwa ikachomekwa."

Akaitoa. Ilikuwa nyeusi pembeni.

"Fyuzi ni kama mlinzi," alisema. "Moto ukizidi, anakufa yeye, gari linapona. Huyu hapa hafi. Huyu anaacha waya uungue. Fyuzi ilikatika wapi?"

"Nagaga," alisema Mujibu, akihesabu. "Redio ilizimika kabisa Nagaga. Mama alishuka akaingia kwa mwenye nyumba mmoja, mimi nikaenda kutafuta maji. Niliporudi ikawa inalia tena. Nikasema imejirudi yenyewe. Mjomba ndiye alibaki na gari..."

Macho yote yalimgeukia Mjomba Hamudi.

"Mimi nilisaidia tu," alisema Mjomba. "Wote wanafanya hivyo."

Bi Sikuzani aliinyoosha mkononi ile karatasi. Akainusa.

"Hamudi."

"Dada."

"Siku ya arobaini ya marehemu mama uliapa nini?"

Mjomba alifunga kifungo cha koti.

"Karatasi ya sigara umeitoa wapi kama huvuti?"

"Niliokota."

"Na huko nyuma ya gari ulikokwenda kujisaidia, mbona ulirudi unanukia?"

Pakiti ilitoka mfuko wa ndani wa koti, sigara kumi na saba. Bi Sikuzani alimnyooshea kidole kuelekea bondeni. Mjomba Hamudi alizitupa moja moja, kama mtu anayezika watoto.

Saa nane na nusu ilikuwa imepita. Loveness alifanya kazi kwa haraka na kuongea kwa haraka, na Mujibu, akisahau kwamba yeye ni Fundi Mkuu, alichungulia kupitia dirisha la upande wa pili, testa mkononi.

"Tazama hapa. Moto uko wa namna mbili. Huu ni wa muda wote, hata funguo ukiitoa upo. Huo redio inautumia kukumbuka stesheni na saa. Huu mwingine unakuja ukizungusha funguo tu. Ukikosea ukachukua wa muda wote kwa kila kitu, asubuhi betri imekufa. Pima funguo imezimwa, pima imewashwa. Na hakuna mguu wa mtu kwenye breki!"

"Nimesikia," alisema Mjomba.

"Breki nimeirudishia fyuzi mpya. Hapa kuna matundu mawili ambayo gari halitumii. Moja la muda wote, moja la funguo. Nachukua humo, kila moja naliwekea fyuzi yake. Sigusi waya wa breki, wala wa usukani, wala wa kompyuta. Amplifaya inakula sana, hiyo naitolea waya mnene moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake naiweka karibu kabisa na betri, shubiri moja. Sio mwisho wa waya. Mwanzo. Waya mweusi naukaza kwenye chuma cha bodi, rangi nimekwangua. Na hizi hapa za njano..."

"Hizo?"

"Hizo ni za mifuko ya hewa ya ajali. Usizikate, usizipime, usizipumulie. Zitakulipukia usoni."

Mujibu alirudi nyuma hatua moja. Asubuhi ile mkono wake ulipita kando ya nyaya hizo mara tatu.

"Rudisha betri!" aliagiza Loveness. "Mjomba, zungusha funguo."

Kioo cha redio kikawaka. Buluu, safi, hakitetemeki. Mjomba akaachia breki: kinawaka. Akakanyaga: kinawaka. Bi Sikuzani alipiga makofi. Mujibu alihisi mke wake anamrudia mikononi.

Na hapo hapo redio ikaita.

Mujibu alikuwa ameiunganisha na simu yake asubuhi, kwa kujaribu. Kwenye kioo likatokea jina: MAMA PENDO. Chini yake vitufe viwili, cha kijani na chekundu.

"Hiki cha kijani kinafanya nini?" aliuliza Mjomba Hamudi, na kidole chake kilikuwa kimeshafika.

"Baba Pendo!" Sauti ya Swaumu ilitoka kwenye spika nne, kali kama pilipili mbichi. "Mko wapi? Wazee wameshaanza kufika. Na kabla hujakanyaga hapa nijibu kwanza: yule mwanamke wa saa tano usiku umemwacha au hujamwacha?"

Mujibu alirukia kitufe chekundu. Mkono wa Loveness ulikuwa njiani, na yeye bado yuko magotini mwa Bi Sikuzani, testa imebanwa kwenye meno. Aliitoa.

"Saa tano usiku?" alisema. "Kaka Mujibu, si ndiyo saa unayonipigia mimi?"



Bi Sikuzani aliyavuta magoti yake taratibu, mbali na kichwa cha Loveness.

"Nani huyo?" spika ziliuliza. "Baba Pendo! Umempakia kwenye gari la mama yangu?"

"Ndiyo maana lile jicho," alisema Bi Sikuzani.

Mujibu alifungua mdomo. Hapo palikuwa na njia mbili, na zote mbili alizijua. Akinyamaza, anapoteza mke. Akisema, anapoteza kibao. Alimtazama Mjomba Hamudi amsaidie kusema. Mjomba alikuwa anatazama bondeni, kwenye sigara zake.

Basi Mujibu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka sita ya ndoa. Aliinua macho, akamtazama mama mkwe wake usoni.

"Mama," alisema. "Sijui kazi."

"Unasema?"

"Magari mapya siyajui. Huyu nilimfundisha mimi, sasa ananifundisha yeye. Likinishinda gari, nampigia ananielekeza. Usiku, ili mtu asisikie. Hakuna kingine. Fundi Mkuu ni yeye. Mimi ni kibao tu."

Aliyasema kwa pumzi moja.

"Uongo!" spika zilisema, lakini si kwa ukali ule wa mwanzo.

"Mama Pendo, wallahi. Mara kumi na nne zile. Saba zilikuwa za gari moja."

"Lile jeusi la mwenye duka la vitenge," Loveness aliongezea. "Kaka Mujibu alikuwa amefunga king'ora kwenye waya wa taa ya ndani. Kila mlango ukifunguliwa, linalia."

Kwenye spika ikasikika kicheko. Kilikuwa cha mwanamume.

"Mama Pendo, uko na nani?"

"Niko uwanjani. Wazee wote wako hapa. Nimeweka simu juu ya kiti wasikie jibu lako."

Kikohozi kimoja kikapita kwenye spika nne. Mujibu alikijua tangu utotoni. Kilikuwa cha baba yake, Mzee Suleimani.

"Mujibu."

"Naam, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Huyo binti si yule niliyekuwa namwona anakuoshea betri?"

"Ndiye, baba."

"Sasa nani anamwoshea nani?"

Uwanja mzima ulicheka. Kicheko kilitoka kwenye spika mpya, safi kabisa, bila mkwaruzo. Loveness alikuwa amefunga vizuri mno.

"Nyamazeni," alisema Swaumu. "Maneno kila mtu anayo. Kama kweli alikuwa anakufundisha, tuambie leo kakufundisha nini. Hatua kwa hatua. Wote tunasikia."

Mujibu akasimama kando ya gari la mkwe wake, chini ya mlima, jua kichwani, akaanza kusoma somo kama mtoto wa madrasa. Moto wa muda wote na moto wa funguo. Kupima funguo imezimwa, kupima imewashwa, hakuna mguu kwenye breki. Matundu yasiyo na kazi kwenye boksi. Kila waya na fyuzi yake, na fyuzi ikae mwanzo wa waya. Waya mnene kwa mla sana. Mweusi kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

"Na la mwisho," alisema, "zile nyaya za..."

"Inatosha," alisema Swaumu. "Nimesikia vizuri. Mtu hawezi kutunga ujinga mrefu namna hiyo."

"Umenisamehe?"

"Mwanamke nimesamehe, maana hakuwepo. Uongo bado. Mama, sema wewe."

Bi Sikuzani alijiweka sawa kwenye kiti. Hakumtumia Hamudi.

"Baba Pendo, umeniongelesha usoni, nami nakuongelesha usoni, tumeshaharibu wote. Sikiliza. Redio inalia, na mimi nilitoa neno. Niko upande wako. Lakini kile kibao cha Lisekese kishuke. Na utakaa karakana kwa huyu binti miezi mitatu, ufundishwe mchana, kama watu. Utalala uwanjani kwangu. Ukimaliza, unaondoka na mke wako. Unaapa?"

"Naapa."

"Sema kwenye redio wasikie."

"Naapa!" alipiga kelele Mujibu kuelekea dashibodi.

Simu ikakatwa. Saa tisa na nusu walianza kupanda. Redio ililia kwenye kona na kwenye tambarare, ikalia mlimani na ikalia kwenye mashimo, na Loveness aliwafuata na pikipiki yake. Karibu na juu walipishana na basi linaloshuka Masasi. Mtu alipunga khanga dirishani. Mujibu, ambaye moyo wake ulikuwa mweupe kama pamba, alimpungia pia. Alidhani ni mteja.

Saa kumi na robo waliingia uwanjani. Wazee walikuwa kwenye mkeka. Kwenye kiti cha Swaumu hapakuwa na mtu.

"Mke wangu yuko wapi, baba?"

"Hamkupishana?" aliuliza Mzee Suleimani. "Amepanda basi na mtoto. Kasema amekusamehe, na mtu aliyesamehe anarudi nyumbani kwake. Amekwenda Masasi. Kibao atakishusha mwenyewe."

"Na mimi?"

"Wewe si umeapa miezi mitatu hapa? Sote tumekusikia."

Asubuhi yake Mujibu alikuwa kwenye karakana ya Loveness, amechuchumaa na ndoo, anaosha vichwa vya betri. Simu ikaita.

"Baba Pendo, habari za huko? Nimefungua karakana."

"Umefungua? Nani anafanya kazi?"

"Mimi. Somo si ulilisoma mwenyewe? Kama unafundishwa kwa simu ukaelewa, mimi nishindwe nini? Mteja kaja anataka redio. Boksi la fyuzi nimeliona. Tundu la muda wote nimelipata, nimeweka fyuzi yake mwanzo kabisa wa waya."

Machozi ya furaha yalimlenga Mujibu. "Mama Pendo, wewe ni fundi!"

"Moto wa funguo tu ndio nimeukosa, matundu yamejaa. Lakini nimeona waya mmoja hapa mzuri sana, umefungwa vizuri, haujawahi kuguswa na mtu. Nimeshaushika na koleo, naukata niunge hapo."

Ndoo ilianguka.

"Wa rangi gani?"

"Njano."

"Usiu..."

Simu ikakatika.

Loveness alikuwa ameinua kichwa. Mujibu alipiga. Haikupokelewa. Akapiga tena.

Mpaka dakika ile, redio ya Bi Sikuzani ilikuwa imemgharimu hivi: nusu mita ya waya wa spika. Fyuzi tano, moja iliyokufa Nagaga na nne za Loveness. Sigara kumi na saba, ingawa hizo zilikuwa za Mjomba. Kibao kimoja cha mbao chenye herufi nyekundu. Jina la Fundi Mkuu, mbele ya wazee wa pande mbili. Miezi mitatu, ambayo ilikuwa imepungua siku moja tu. Mke mmoja, aliyerudi nyumbani kwake Masasi wakati mume yuko kwa mkwe Newala. Na waya mmoja wa njano, ambao hakuna mtu Newala aliyejua kama umeshakatwa.